Tromsø kwa wafugaji wa reindia: sledi hatukupanda, hela yangu sijutii

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimemkata wakala aliyetuuzia tiketi mtandaoni, wenyeji wenyewe ningewapa hata 6.

Basi iko hivi, mdogo wangu alikuja Oslo kunitembelea kutoka Dar, wiki ya kwanza ya Januari, na alichokuwa analilia ni theluji na zile taa za kijani za angani, nikasema isiwe tabu, tukapanda ndege mpaka Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norway, nikalipia na safari ya nusu siku kwenda kwa familia ya Wasami, wenyeji wa asili wa huko kaskazini, wanaofuga reindia, wale wanyama wa pembe wanaochorwa wakimvuta Baba Krismasi. Kichwa kimoja kroni 1,600 na ushee, humo kuna basi, kulisha wanyama, kupanda sledi (kile kigari kisicho na magurudumu kinachovutwa juu ya theluji), msosi na stori ndani ya hema. Bei imechangamka, ila Norway kipi hakijachangamka.

Tunashuka kwenye basi, mvua. Nyie, mvua! Nyuzi 69 kaskazini huko, msimu ambao jua lenyewe halichomozi, saa nane mchana giza totoro, afu manyunyu kama uko Lushoto mwezi wa nne. Mdogo wangu akanigeukia, "Dada, si ulisema huku kuna theluji?" Theluji ilikuwepo jamani, ila juu yake kumeganda barafu inateleza kama sakafu ya msikitini iliyomwagiwa sabuni, kuna mama mmoja mtalii kaenda chini hajamuona hata reindia mmoja. Tukagawiwa vyuma vya kufunga chini ya viatu, na mwenyeji wetu, mzee mmoja kavaa vazi lao la buluu na nyekundu, gákti wanaliita, na juu kapiga koti la mvua, akatuambia leo sledi hakuna, wanyama watavunjika miguu.

Minong'ono ikaanza. Watu washalipa, wengine wameshajipanga kupiga picha, na mi mwenyewe nilishakunja uso nikawa nahesabu nusu ya hela yangu inaenda hivi hivi.

Mzee hakubishana. Katupeleka hatua chache nyuma ya uzio, kapiga goti, kachomoa kisu, akawa anagonga barafu kwa mpini, mara ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya nne au ya tano ndo kikabanduka kipande ukubwa wa sahani. Akatumulikia kwa taa ya kichwani. Ndani yake kumeganda vitu vyeupe vyeupe kama sponji iliyochambuliwa. Hiyo ni laikeni, kuvu na mwani vinavyoota pamoja ardhini, ndo mlo wao wa kipindi cha baridi. Reindia anainusa hata ikiwa chini ya theluji ya magotini, anafukua kwa kwato anakula zake. Lakini mvua ikinyesha juu ya theluji, afu baridi ikarudi, maji yaliyozama yanaganda, harufu haitoki tena na kwato haipenyi. Mnyama anakufa njaa kasimama juu ya chakula chake. Hilo tandiko la barafu wana jina lake, čuohki, na msimu mbaya wa namna hiyo wanauita goavvi. Kwahiyo siyo kitu kipya kwao, akasema, zamani ulikuwa unakuja mara moja moja mpaka wazee wanautaja mwaka wake, sasa hivi unakuja kabla hawajapumua wa juzi.

Kile kipande kikazungushwa mkono kwa mkono. Mdogo wangu alikishika mpaka glavu ikalowa, na hiyo stori ya sledi sikuisikia tena kinywani mwake.

Kuna jamaa mmoja akamuuliza mzee ana reindia wangapi. Mzee akacheka, akamwambia we nitajie kwanza benki una shilingi ngapi (alisema kroni, ila mmenielewa). Sisi wawili tukaangua kicheko mpaka watu wakageuka, maana bibi yetu mzaa mama ni wa Longido, ukimuuliza idadi ya ng'ombe zake unafukuzwa na fimbo. Na ukame wa 2009 tuliuona kwa macho, ng'ombe wamelala njiani ngozi na mifupa. Nikamsimulia mzee kwa Kinorwe changu cha kuungaunga, akaniuliza swali moja tu, mliobaki nao mliwalisha nini? Nikajua huyu ni mfugaji.

Maana yeye anawalisha vya kununua. Stoo yake ina magunia ya chakula cha vidonge mpaka darini, hela tupu ile, na shida nyingine ni kwamba ukiwakusanya pamoja wanasukumana kwenye hori wanaambukizana magonjwa ya macho. Kuwalisha sisi watalii ndo tunaona raha, unashika ndoo wanakuja, na wakitembea miguu inalia tik tik tik, kano za miguuni ndo zinalia hivyo. Wenye pembe wakati huo wengi ni majike, madume huwa wameshaziangusha.

Ndani ya hema, lavvu, moto katikati, tukapewa bidos, supu nzito ya nyama ya reindia, viazi na karoti. Haina pilipili wala ndimu, ila kwa ile baridi ilishuka vizuri mno. Binti yake akaimba joik, wimbo unaojirudiarudia hauna hata maneno mengi, sikuuelewa ila nywele zilinisimama.

Hapo ndo nikamuuliza mzee kuhusu Fosen, eneo la katikati ya Norway walikojenga mitambo ya umeme wa upepo kwenye malisho ya Wasami, maana Februari 2023 nilikuwa Oslo wakati vijana wa Kisami wamekaa na magákti yao kwenye mlango wa wizara ya mafuta na nishati. Ile kesi mahakama ya juu kabisa ya nchi ilishaamua Oktoba 2021, ikasema mitambo ya upepo, 151 ile, imevunja haki ya wafugaji kuishi kwa mila yao, na mapanga yakaendelea kuzunguka tu. Walikuja kumalizana kwa makubaliano, mitambo ikabaki. Mzee akachochea moto akasema joto la dunia linatunyang'anya malisho, afu dawa ya joto nayo inataka malisho. Hakupandisha hata sauti.

Niliporudi hotelini nikaanza kusoma, nikakuta Yamal kule Urusi, kwa Wanenets, wafugaji wa reindia wa huko, mvua ya Novemba 2013 iliganda hivyo hivyo, reindia 61,000 wakafa. Wataalamu wanaihusisha na bahari ya jirani kukosa barafu, maji yakiwa wazi hewa inabeba unyevu mwingi zaidi. Na Aktiki, yaani huku juu kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, inapata joto karibu mara nne ya kasi ya dunia nzima. Nilifunga simu, usingizi ukaja kwa shida.

Sasa wakala. Tovuti yake imejaa sledi na theluji kama unga, haina hata mstari mmoja unaosema mvua ikinyesha itakuwaje, na nilipowaandikia nirudishiwe ya sledi wakanijibu hali ya hewa haiwahusu. Sawa, ila mnaojua kila mwaka inatokea ni nyie, waambieni watu kabla hawajalipa, msimwachie mzee wa watu anuniwe na watu arobaini.

Ushauri kwa mnaotaka kwenda: hakikisheni mnalipa moja kwa moja kwa familia yenyewe kama wana ukurasa wao, bebeni koti la mvua hata kama ni Januari, vyuma vya viatu mtapewa. Mkiulizwa kama mnaongeza bidos msione haya, sufuria ni kubwa.