Tumehamia GitHub, seva ya chini ya ngazi imepumzika

Seva yetu ilikaa chini ya ngazi, ofisini Kariakoo, na umeme ukikatika usiku ni mimi niliyeamshwa. Mwezi uliopita tumehamishia msimbo wote wa programu zetu GitHub, huduma ya mtandaoni ya kutunza msimbo, na ninaipa nyota nne. Amri ni moja tu, git push --mirror, inabeba matawi (njia sambamba za kazi) na tagi (alama za matoleo) zote. Ila jaribio la kwanza lilikwama: mwenzetu aliwahi kuhifadhi humo nakala ya hifadhidata ya MB 340, na GitHub haipokei faili linalozidi MB 100. Nililifuta kwenye historia nzima ya mabadiliko kwa zana ya git filter-repo, kisha kila mtu akapakua msimbo upya. Tiketi za zamani, yaani kumbukumbu za hitilafu na kazi, hazihami na amri ile. Zitengee siku zake. Juzi umeme ulikatika saa tano usiku. Nililala hadi adhana ya alfajiri.