Ruffle imefufua CD yetu ya fizikia, waliotuuzia siwasamehe

Nilipanga kuipa Ruffle, programu inayochezesha mafaili ya zamani ya Flash, nyota tano nikalale. Sasa sijui nipunguze au niongeze, maana naandika nikiwa nimekasirika, na aliyenikasirisha si Ruffle.

Nafundisha fizikia. Shule ilinunua CD ya masomo ya umeme, yote ya Flash, ile programu ya kampuni ya Adobe ya kuchezesha michoro inayosogea. Adobe wakaacha kuihudumia Flash mwisho wa 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 hata aliyekuwa nayo kwenye kompyuta ikamgomea. CD yetu ikabaki ya kuwekea kikombe cha chai.

Kijana wa maabara ya kompyuta ndiye aliyeniwekea Ruffle. Jamani! Nikafungua somo la saketi: unavuta betri, unavuta balbu, unafunga swichi, balbu inawaka na mshale wa ameta unapanda ukitetemeka kidogo, vilevile kama zamani. Darasa zima likagombea kipanya. Na hawa watu wa Ruffle hawakupewa na Adobe msimbo wa programu ya Flash. Mike Welsh alianzisha, wenzake wakajiunga kwa kujitolea, wakaiandika upya kwa Rust, lugha ya kuandikia programu, na wanagawa bure.

Sasa njoo kwenye mazoezi. Unabofya "Jipime", kiduara kinaanza kuzunguka: "Tafadhali subiri." Nisubiri nini? Nimesahihisha rundo la madaftari, kiduara kiko palepale. Nikawa karibu kusema hii nayo ni takataka. Yule kijana akapekua folda ya CD, akakuta faili dogo la maandishi, ndani yake anwani ya tovuti. Kumbe maswali hayamo kwenye CD tuliyolipia! Yanavutwa kutoka seva ya hao waliotuuzia, na seva yenyewe walishaizima. Hapo hata uwe na emyuleta (programu ya kuiga nyingine, kama Ruffle) ya namna gani, itaiga kitu ambacho hakipo?

Nikawapigia. Sikuomba fidia, niliomba wanitumie maswali tu. Salamu yangu haikuitikiwa. "Mwalimu, hiyo ni ya kizamani, nunueni kifurushi kipya." Simu ikakatwa. Yaani nikabaki nimeshika simu sikioni kama mwanafunzi aliyefukuzwa ofisini.

Kizamani? Adobe walitangaza mwaka 2017 kwamba Flash itazimwa, miaka mitatu na ushee kabla. Sisi tuliuziwa baada ya tangazo hilo. Walijua wanatuuzia maiti, wakatabasamu, wakapokea hela.

Kwa hiyo Ruffle nyota tano. Au tuseme nne, kwa haki: CD yetu ni ya ActionScript 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu za Flash, upande ambao Ruffle iko imara. Upande wa ActionScript 3, toleo lililofuata, waliuanza baadaye na bado wanaukamilisha, kwa hiyo usikimbilie kumwahidi mkuu wa shule kwamba kila kitu kitacheza. Kopi folda nzima pia, si faili moja, kwani masomo haya huitana.

Lakini hapana, nne ni uchoyo. Watu wasionijua, ambao sijawalipa hata senti, wameniwashia balbu. Niliowalipa wamenikatia simu. Tano.

Mazoezi nayaandika ubaoni kwa chaki. Risiti ya CD ninayo.