Uzoefu wangu wa kuhesabu ndege wa Bukavu kwa programu ya eBird

Kama unachotaka ni jina tu la ndege aliyetua kwenye mti wa avoka nyuma ya nyumba, eBird haitakufaa sana. Kazi hiyo ni ya Merlin, ndugu yake, nayo nitaigusa baadaye. eBird ni daftari la hesabu. Inakuuliza uko wapi, umeanza saa ngapi, umekaa dakika ngapi, umetembea umbali gani, umeona ndege gani na wangapi. Wengi ninaowaona wakiifungua hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huyapita maswali hayo haraka ili wafike kwenye majina. Kumbe faida yake yote imo kwenye maswali hayo, maana bila muda na umbali hakuna atakayeweza kusema, miaka kumi ijayo, kama mdiria wa Ziwa Kivu wamepungua au ni sisi tuliopunguza kwenda ziwani.

Programu ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2002 na Cornell Lab of Ornithology ya Marekani pamoja na National Audubon Society, na tangu 2010 inapokea orodha kutoka dunia nzima. Naitumia kwenye simu ya Android ya bei ya chini, ufuoni mwa ziwa, kwenye bustani za mjini na pembeni mwa msitu wa Kahuzi-Biega. Simu hiyo inatosha kabisa. Pesa yako iweke kwenye darubini. 8x42 (inayokuza mara nane, lenzi ya milimita 42) ndiyo ninayoshauri, kwa kuwa haitetemeki sana mkononi na bado inapata mwanga wa alfajiri. Karibu na mpaka wa mto Ruzizi au kambi ya askari, iache kwenye mfuko.

Maandalizi yafanye nyumbani, penye Wi-Fi. Fungua akaunti, pakua pakiti ya eneo (orodha ya ndege wa huko), kisha nenda kwenye mipangilio uchague majina ya kisayansi yaonekane pamoja na ya Kifaransa. Tukisema kunguru tunaweza kuwa na maana ya Corvus albus mwenye kifua cheupe au Corvus albicollis mwenye mdomo mnene na doa jeupe shingoni nyuma, na wote wawili wanaruka juu ya vilima vyetu. Mnandi nao ni wawili ziwani, mkubwa na mdogo. Ukigusa jina lisilo lake, kosa litakaa humo bila mtu kulijua.

Saa ya simu ipange kwa Lubumbashi, usiipange kwa Kinshasa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, na ukiacha hivyo, orodha uliyoanza saa kumi na mbili alfajiri itaandikwa saa kumi na moja, wakati kungali giza. Angalia pia pini ya ramani. Rwanda iko ng'ambo ya mto tu, na ukiwa karibu na mpaka, ukichagua mahali kwa kidole, pini inaweza kuangukia upande wa pili. Hapo orodha ya ndege utakayoletewa ni ya Rwanda, na hesabu yako itaingia nchi isiyo yako. Kuza ramani mpaka uuone mto wenyewe, ndipo uweke pini.

Mahali pa kudumu paumbe mara moja tu, upape jina linaloeleweka, kisha kila ukirudi upachague kwenye orodha ya mahali pako. Anayeacha simu iumbe mahali papya kila siku atajikuta na nukta nyingi zilizotawanyika kwenye mita mia mbili za ufuo, na grafu haitakuwa na cha kuunganisha. Tovuti inakuruhusu kuziunganisha baadaye, ila ni kazi ya kuchosha.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kabla hujatuma, programu inakuuliza kama umeandika ndege wote uliowatambua. Ukijibu ndiyo, hiyo ni orodha kamili, na hiyo ndiyo inayotumika kupima mabadiliko. Sababu yake ni rahisi: orodha kamili inasema pia nani hakuwepo. Nikikaa ufuoni dakika 15, nikaandika kila ndege niliyemtambua na furukombe hayumo, basi hiyo ni habari kuhusu furukombe. Lakini nikiwa nimeandika wale wa ajabu peke yao na kuwaacha kunguru, mwewe na shore kwa kuwa tumewazoea, orodha hiyo haiwezi kusema lolote juu ya aliyekosekana. Hao tuliowazoea ndio wa kuwaandika kwa bidii kuliko wote, maana wakianza kupungua hakuna anayeshtuka.

Wanaoanza huogopa neno «kamili». Halidai uwajue ndege wote. Linadai usimwache kwa makusudi yeyote uliyemtambua. Chozi jike aliyekupita mbio na hukumjua, mwandike kama chozi asiyetambulika. Programu ina nafasi ya kundi zima bila aina, na orodha inabaki kamili. Kubahatisha jina ndiko kunakoharibu kazi.

Idadi nayo ina utaratibu wake. Programu inakubali alama ya X, yaani «alikuwepo, sikuhesabu». Ni halali, ila kwa mtu anayefuatilia mabadiliko ni kama kutupa nusu ya kazi. Kisia, hata kama ni 40 kwa yangeyange wanaorudi kulala jioni: hesabu kumi wa kwanza mmoja mmoja, shika ukubwa wa kundi hilo machoni, kisha pima kundi zima kwa makumi. Usiandike 1 mahali pa X. Moja ni hesabu, na atakayesoma baadaye ataiamini.

Mfano wa ufuoni. Mnandi wametanda mabawa kwenye mti mkavu. Anza kushoto, nenda kulia, pata 17. Wanaruka, wanazunguka, wanatua tena pamoja na wengine. Unahesabu upya, unapata 19. Jibu ni 19. Kujumlisha 17 na 19 ni kosa linalofanyika sana, na linaonekana baadaye kama siku moja ya ajabu kwenye grafu. Mdiria mweupe na mweusi, Ceryle rudis, ni mgumu zaidi kwa sababu hatulii: anaelea juu ya maji, anapiga mbizi, anahama gogo. Kwake yeye nahesabu wale ninaowaona kwa wakati mmoja tu, nachukua idadi ya juu kabisa ndani ya muda wangu.

Kuna aina mbili za orodha utakazotumia daima: ya kukaa na ya kutembea. Ya kukaa ni pale ambapo hukusogea zaidi ya mita 30. Hapo ndipo GPS ya programu inaponiudhi. Ukikaa chini ya paa au kati ya majengo ya mteremkoni, nukta inachezacheza, na mwisho simu inadai umetembea mita mia kadhaa wakati hukunyanyuka. Isahihishe kwa mkono kabla ya kutuma. Chagua ya kukaa. Kwenye kutembea tatizo ni kinyume chake: simu nyingi za bei nafuu hufunga programu zilizo nyuma ili kuokoa betri, na njia yako yenye kona nyingi inakuwa mstari ulionyooka. Nenda kwenye mipangilio ya betri, itafute eBird, iruhusu kufanya kazi bila kizuizi. Ukienda na kurudi kwa njia ileile, andika umbali wa kwenda tu, kwa sababu programu inajumlisha zote mbili, na ndege wa kurudi usiwahesabu tena kama ni walewale.

Orodha fupi zina thamani kuliko ndefu. Mimi huivunja kila mazingira yanapobadilika, hata kama ni baada ya dakika 20. Anayeanzia ziwani, kwenye mita kama 1,460, akapanda gari hadi Tshivanga mlangoni mwa mbuga ya Kahuzi-Biega, kwenye zaidi ya mita 2,000, na kuweka yote kwenye orodha moja, amechanganya mnandi na ndege wa msitu wa milimani. Orodha hiyo haifai kwa ufuo wala kwa msitu.

Sehemu ya maelezo itumie. Andika mvua, upepo, jenereta iliyokuwa ikinguruma, miti iliyokatwa, nyumba mpya ufuoni, taka za plastiki zilizoziba matete. Mambo hayo ndiyo yatakayoeleza kwa nini hesabu ilishuka mwezi fulani: ndege walihama, au masikio yako yalizibwa na kelele?

Bila mtandao inafanya kazi vizuri, na hilo naisifia kwa moyo wote. Unaandika, unahifadhi, unatuma ukifika mjini. Orodha bila picha inakula mega kidogo mno. Ila orodha isiyotumwa iko ndani ya simu peke yake. Ukiifuta programu, au simu ikiibwa, imekwenda. Tuma siku hiyohiyo, na umeme ukiwa wa mashaka, nakili namba kwenye daftari kwa penseli; biki haiandiki vizuri karatasi ikilowa.

Baadhi ya ndege utakaowaandika watapewa alama ya nadra, au idadi yako itaonekana kubwa mno kwa mwezi huo. Kila eneo lina kichujio, yaani kipimo cha ndege gani na wangapi wanatarajiwa mwezi huo, na mhakiki anayejitolea anaweza kukuandikia barua pepe. Usikasirike, wala usimjibu «nina uhakika». Mjibu kwa ukubwa, rangi ya mdomo na miguu, alichokuwa akifanya, mwanga ulikuwaje, na ni ndege gani mwingine ulimfikiria ukamkataa na kwa nini. Kabla ya kuthibitishwa, kumbukumbu hiyo haionekani kwenye ramani za watu wote. Kwa upande wetu vichujio naona bado havijakaa sawa: ndege wa kawaida wa milimani anadaiwa maelezo, na mwingine asiyeingia akilini anapita kimya. Kitu cha kuvirekebisha ni orodha nyingi zilizoandikwa vizuri, basi.

Merlin ni programu nyingine ya taasisi hiyohiyo. Inasikiliza sauti na kupendekeza jina. Kwenye bustani tulivu asubuhi inasaidia. Penye pikipiki na spika za mtaani inayumba, na kwa ndege wa msitu wa milimani siiamini peke yake. Ichukue kama kijana mwenye masikio makali anayekuonyesha pa kuangalia. Ndege aliyetajwa na Merlin tu, usimwandike mpaka wewe mwenyewe umwone au uitambue sauti yake.

Kusoma mabadiliko sasa. Grafu za pau (bar charts) za eBird zinagawa kila mwezi sehemu nne, na zinatofautisha wiki isiyo na orodha za kutosha na wiki yenye orodha ambazo ndege hakuonekana. Angalia tofauti hiyo kabla ya kusema ndege ametoweka. Kivu bado ina orodha chache, kwa hiyo usisubiri programu ikutolee mwelekeo. Pakua data yako kutoka kwenye tovuti, inakuja kama jedwali, ufanye hesabu mwenyewe. Chukulia mwaka mmoja una orodha kamili 40 za dakika 15 za ufuo uleule, na mdiria yumo katika 30: hiyo ni asilimia 75. Mwaka wa pili orodha 40, yumo katika 18: asilimia 45. Kabla ya kutangaza, uliza: miezi ni ileile? Saa ni zilezile? Mtazamaji ni yuleyule? Linganisha Februari na Februari. Mbayuwayu wa Ulaya, Hirundo rustica, wako huku kuanzia kama Septemba hadi Aprili. Kuwalinganisha na hesabu ya Julai hakuna maana.

Kwa kazi hii naipa nyota nne kati ya tano. Iliyokatwa ni ya GPS inayohitaji kuchungwa na vichujio nilivyovitaja.

Tahadhari moja kubwa. Kasuku wa kijivu, Psittacus erithacus, yumo kwenye Kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu uamuzi wa 2016, kwa sababu ya biashara ya kumkamata. eBird huficha mahali hasa alipoonekana, ikionyesha eneo pana tu. Wewe nawe usiandike jina la kijiji au la mti kwenye maelezo, wala usirushe picha ya kiota kwenye kundi la WhatsApp.

Mwenye madaftari ya zamani, iwe ya shule, ya parokia au ya mlinzi wa mbuga, asiyatupe. Kuna aina ya orodha ya kihistoria: unajua tarehe na mahali, ila saa na muda hujui. Ingiza unachokijua, usibuni dakika. Haitaingia kwenye mahesabu ya mwelekeo kama orodha kamili, lakini itaonyesha kwamba korongo mwenye taji alikuwa kwenye bonde fulani mwaka fulani, na kwa ndege aliyewekwa kwenye daraja la walio hatarini kutoweka tangu 2012, mstari mmoja wa namna hiyo una uzito. Piga picha ukurasa wa daftari uuhifadhi, na kwenye maelezo uandike umetoka daftari gani.