Floti ya mafuta ya Hilux dizeli ya elfu 85: nimeifunga mwenyewe nyumbani, sikilizeni kwanza

Mbukwenyi wadau, karibuni tena, leo tupo hapa hapa nyumbani Nkuhungu, Dodoma, gari ni ile pale nyuma yangu, Hilux dizeli injini 5L, na hiki nilichoshika mkononi ni floti yake ya zamani, wengine mnaita geji ya kwenye tenki, ndo inayouambia mshale wa dashibodi mafuta yapo kiasi gani. Ile mpya ipo ndani ya tenki saivi, ina wiki 3, kwaiyo naongelea kitu ambacho nimekitumia. Sio orijino, hilo niseme mapema, ni ile ya boksi jeupe lisilo na jina, elfu 85, orijino niliambiwa bei inayozidi mara tatu ya hiyo.

Kwanza niwaambie nilifikaje huku. Mshale wangu wa mafuta ulikuwa unaruka ruka kama miezi miwili nikapuuzia, siku hiyo natoka Manyoni namleta mama mzazi kliniki huku Dodoma, tumeshashuka mlima, tumepita Kintinku, mshale unasoma nusu kabisa, gari ikaanza kukosa nguvu ikazima. Tenki kavu! Na dizeli ikiisha sio kama petroli kwamba unamwaga lita mbili unapiga stata unaondoka, hewa imeshaingia kwenye njia za mafuta, ikabidi bodaboda anifuatie dumu Bahi alafu nisimame juani napampu ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka hewa iishe, mama kakaa ndani ya gari na presha yake. Nilikasirika sana, ndo maana hii mada naichukulia kwa uzito.

Sasa kabla hujanunua chochote, pima. Unachomoa soketi ya floti kule kwenye tenki, unachukua kipande cha waya unaugusisha ule waya wa mshale na bodi, swichi ikiwa on, mtu mwingine anaangalia dashibodi. Kwenye hii gari mshale unatakiwa upande mpaka juu, ukipanda basi dashibodi yako nzima na waya wako mzima, shida ipo kwenye floti au kwenye ethi yake, yaani ule waya wake unaofungwa kwenye bodi, usiache hivyo muda mrefu, gusisha uone uachie. Mimi fundi mmoja alishaanza kuniambia tutafute dashibodi nzima. Kipimo cha dakika tano kikanisaidia nisitoe hiyo hela.

Kushusha tenki sio kazi ngumu ila ni kazi nzito, eleweni tofauti hiyo. Lita moja ya dizeli ni kama gramu 840, ukiwa na lita 40 mle ndani unabeba kilo 34 bila bati lenyewe, kwaiyo nyonya mafuta yatoke kwanza, chomoa betri upande wa negativu, gari iwe kwenye stendi, jeki peke yake hapana, nasema tena hapana, uhai wako uko chini hapo. Dizeli haishiki moto kirahisi kama petroli ila sigara na mashine ya kuchomelea viwe mbali, na mwenye gari ya petroli asiige hii video, yako mpelekee fundi.

Alafu kitu ambacho mafundi wengi wanaruka, vumbi. Vumbi letu la Dodoma mnalijua, juu ya tenki nilikuta udongo mwekundu umeganda kama sakafu. Ukifungua hivyo hivyo ule mchanga unadondoka ndani, na pampu ya nozeli, ile inayosukuma mafuta kwenda kwenye injini, inalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine, mchanga ukipita kwenye filta unasaga pampu na nozeli, hapo umeokoa elfu 85 umeingia gharama ya mamilioni. Nilisugua kwa brashi, nikafuta kwa kitambaa chenye dizeli, nikapuliza, ndo nikagusa skrubu.

Haya, floti yenyewe. Angalieni hii ya zamani, huu mkono unaobeba boya, lile linaloelea kwenye mafuta, nikiusukuma unakwama hapa katikati, kutu ya maji yaliyokuwa kwenye mafuta, ndo maana mshale ulikuwa unaniambia nusu wakati hakuna kitu. Na hapa kwenye kile kibati inapoteleza ncha ya mkono kusoma kiwango, pamelika kabisa, ndo pale mshale ulipokuwa unaruka. Mpya niliipima kwa tesita, mita ya kupimia umeme, kabla haijaingia, boya likiwa juu inasoma ohmu 4, yaani ukinzani wa umeme, likiwa chini 108, ukipandisha taratibu namba zinashuka bila kukatika, hapo nikaipa heshima yake. Taa ya mafuta nayo inafanya kazi. Kitu kimoja nilichoona nilipozilaza mbili sambamba, boya la hii mpya likifika mwisho chini lipo juu kidogo kama sentimita 2, maana yake itasema mafuta yameisha wakati bado yapo, nimeiacha hivyo, bora ikuwahishe kuliko ikucheleweshe, msianze kukunja mkono kwa pulaizi.

Gasketi yake ndo iliyoniudhi. Imekuja nyembamba, ngumu kama plastiki, nikafunga, siku nilipojaza tenki full kesho yake asubuhi nakuta juu pamelowa na harufu ya dizeli mpaka dirishani, nikashusha tenki mara ya pili, mdogo wangu akashika upande ule, nikaweka gasketi ya mpira unaohimili mafuta, elfu 5 tu. Hiyo nunueni siku hiyo hiyo mnayonunua floti, na msipake silikoni ya kawaida, dizeli inailainisha vipande vinaingia kwenye mafuta.

Je ninunue au nisinunue? Mimi nasema nunua, ila uipime dukani mbele ya muuzaji na tesita yako, ikikata namba hata mara moja mrudishie. Kama gari yako inabeba wagonjwa au abiria njia ndefu, jichange ununue orijino, sitabishana na mtu kwenye hilo.

Nilijaza lita kumi kumi pale sheli na mshale ukapanda sawa sawa, kwenye robo ya mwisho ndo unashuka haraka kidogo. Jumamosi namrudisha mama Manyoni, barabara ile ile. Dumu la lita 5 bado lipo nyuma ya gari na nitalishusha nikishamaliza matenki manne na hii floti.