Wakili wa kusoma kurasa kabla ya kuchapwa: tathmini ya mhariri wa gazeti dogo

Nahariri gazeti la kila wiki hapa Kilifi. Tumejiunga na ofisi moja ya mawakili ya Mombasa ambayo husoma kurasa zetu kabla hazijapelekwa kwa mchapaji. Ada ni Sh 20,000 kwa mwezi, na kwa gazeti lenye matangazo machache kama letu, pesa hizo zinauma. Hata hivyo nitaendelea kulipa, kwa sababu huduma hii imetuwezesha kuchapa habari ambazo zamani tungeziweka kapuni kwa woga wa kushtakiwa.

Chukua habari ya zahanati. Mwandishi wetu alipata hati zinazoonyesha kwamba mkandarasi amelipwa pesa zote ilhali jengo halina paa. Akaandika "mkandarasi aliyeiba pesa za umma". Nilidhani wakili angeifuta habari nzima. Alipiga simu usiku akauliza: hati halisi za malipo mnazo? Nani alipiga picha za jengo, na lini? Mkandarasi mwenyewe mmemtafuta, akasemaje? Alipopata majibu, alichoondoa ni neno "aliyeiba" peke yake.

Sababu alizotoa ndizo hasa ninazozilipia. Kwa sheria ya Kenya, anayelalamika kuchafuliwa jina halazimiki kuthibitisha kwamba tulichoandika ni uongo. Sisi tunaodai ni kweli ndio wenye mzigo wa kuthibitisha. Malipo na jengo lisilo na paa tunaweza kuvithibitisha mbele ya hakimu, lakini wizi hatuwezi. Tena kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa, yaani sheria ya kuchafua jina, kinasema ukimsingizia mtu kosa la kifungo kisichopungua miaka mitatu, fidia haiwezi kuwa chini ya Sh 400,000. Likiwa kosa la kunyongwa, haishuki chini ya Sh milioni 1. Kupanda, inaweza kupanda sana: mwaka 2000 Mahakama Kuu iliamuru mwanasiasa Nicholas Biwott alipwe Sh milioni 30 kwa sababu ya kitabu kilichomhusisha na kifo cha Robert Ouko, waziri aliyeuawa mwaka 1990. Sh milioni 30 zingelifunga gazeti letu siku hiyo hiyo.

Habari ilitoka ukurasa wa kwanza, na maneno ya mkandarasi yakiwa ndani. Barua ya madai ilipokuja, wakili aliijibu kwa nakala za hati, na hatujasikia tena.

Ametusaidia pia katika mambo ya kila wiki. Waandishi wetu walikuwa wakiamini kwamba "inadaiwa" ni ngao. Siyo, ukirudia kashfa ya mwingine, umeifanya yako. Kwa upande mwingine, tulikuwa tukiogopa habari za mahakamani bila sababu, kumbe ripoti ya kesi iliyo sahihi na isiyoegemea upande ina kinga kamili dhidi ya madai ya kashfa. Ripoti ya baraza la hadhara nayo ina kinga, ila ya masharti: aliyetajwa akileta maelezo yake ya kujitetea nasi tukakataa kuyachapa, kinga imekwenda. Tangu tujue hilo, majibu ya wasomaji waliotajwa hayakai tena mezani kwangu. Safu ya maoni anaisoma kwa ukali zaidi kuliko nilivyotarajia: maoni makali anayaacha, lakini kila jambo linaloyabeba maoni hayo lazima liwe kweli.

Kasoro zipo, na moja ni kubwa. Mkataba unahusu kurasa za karatasi tu. Habari zile zile tunaziweka Facebook, mara nyingi na kichwa kipya kilichoandikwa na kijana wa mitandao, na hicho hakisomwi na wakili yeyote. Kashfa ni kashfa hata ikiwa kwenye simu. Maelezo ya picha pia yanatozwa kando, jambo ambalo sioni haki yake, maana sura ya mtu asiyehusika ikiwekwa chini ya kichwa kibaya inatosha kumharibia jina. Kisha maelezo yake huja kwa Kiingereza cha mahakamani; inanibidi nikae na waandishi wa mashinani niwafafanulie. Na mkishtakiwa, kuwatetea mahakamani ni malipo mengine.

Kwa anayechapa habari za michezo na harusi, ni gharama asiyoihitaji. Anayeandika habari za tenda, ardhi na bunge la kaunti ajiunge, ila kabla ya kutia sahihi adai mtandao na picha viingizwe kwenye ada ile ile. Mimi nimeyadai hayo kwa mkataba wa mwaka ujao, na bado tunavutana kuhusu bei.