Rolex nzuri, chai ya kulalamikia, na mpishi asiyecheka ovyo

Kibanda hakina jina. Ukiteremka kutoka Kisementi kuingia Kamwokya, hapa Kampala, kabla hujawafikia mafundi simu, kuna mwavuli uliopauka, sigiri mbili na mabenchi mawili yanayotazamana. Saa kumi na mbili jioni utakuta watu wenye mikoba ya kompyuta mgongoni wakibishana kwa Kiswahili cha nchi nne. Hao ni sisi.

Nianze na kero. Chai ya maziwa hapa ni maji ya moto yaliyosikia habari za ng'ombe. Tangawizi ipo, sukari ipo kupita kiasi, maziwa ndiyo hayaonekani. Nilimwambia mpishi mwenyewe, naye hata hakuinua macho: "Nyabo, hii chai ni ya kuteremsha chapati, si ya kunywa." Agiza ya rangi ujiokoe. Benchi la upande wa barabara nalo lina mguu mmoja mfupi, kwa hiyo wahi la ndani.

Rolex sasa, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, hapo sina la kusema ila kumeza mate. Anapasua mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, anakatia kitunguu, nyanya na kabichi juu ya kikombe hicho hicho bila ubao, kisu kikielekea kidole gumba kwa namna inayonitia kichefuchefu cha woga, kisha chumvi, kisha anapiga kwa uma mpaka povu. Yai linapomwagwa kwenye kikaango halilali kitambo. Kabla juu hakujakauka, chapati inatua juu yake, vinashikana, vinageuzwa pamoja, vinaviringishwa. Chapati anasukuma mwenyewe pale pale, laini katikati na kingo zimeungua kidogo. Yote hayo kwa shilingi 3,000. Maduka ya kahawa yaliyo mita chache juu ya kilima yanauza kitu hicho hicho kwenye sahani nyeupe kwa bei ambayo sitaiandika, maana mama yangu anasoma.

Lawama ya pili ni karatasi ya kufungia. Ananunua karatasi zilizotumika, na wino na mafuta havifai kukaa pamoja. Lakini siku moja rolex yangu ilikuja imefungwa kwenye ukurasa wa ripoti ya mwanafunzi fulani, programu yake imechapwa mstari kwa mstari. Tuliisoma wote wanne huku nakula, na mwenzetu wa Arua akaonyesha kwa kidole chenye mafuta kosa lake, mzunguko usiokuwa na mwisho, juu kidogo ya doa la nyanya. Kijana, popote ulipo, tunatumaini ulipita.

Ila watu wa fani yetu hawaji hapa kwa ajili ya yai peke yake. Mimi ni wa Bukoba, wengine ni wa Goma, Kisumu na huyo wa Arua. Mchana kutwa tunaandika programu kwa Kiingereza na kuomba radhi kwa Kiingereza kwenye vikao. Jioni benchi lina sheria moja: kazi isitajwe. Anayetaja mteja au tarehe ya kukabidhi kazi analipia chai ya maziwa ya wote, na wote wanalazimika kuinywa.

Sheria ya pili aliiweka mpishi. Yeye ni Msoga, Kiswahili alikiokotea Busia mpakani, kompyuta hajui wala hataki. Alichoka kuona tunacheka wenyewe kwa wenyewe, akatangaza kwamba kila kichekesho aelezwe, na kina muda wa upande mmoja wa chapati. Akigeuza bila kucheka, kimeanguka. Sijawahi kuona mhakiki mkali hivi. Kile cha watu wa aina 10 duniani, wanaojua hesabu za sifuri na moja (ambamo 10 ni mbili) na wasiojua, kilikufa kabla yai halijashikana. Ugomvi wa kama mistari ya programu isogezwe kwa kitufe cha tab au cha nafasi aliusikiliza kwa huruma, akatuuliza kama tuna wake.

Kilichopita kwa kishindo ni cha Vim. Hiyo ni programu ya kuandikia ambayo Mholanzi Bram Moolenaar aliitoa mwaka 1991, na ukiifungua bila faili inakupokea na ombi la kuwasaidia watoto maskini wa Uganda. Si utani. Moolenaar alifanya kazi ya maji na usafi kule Kibaale, Rakai, mwaka 1994, akaamua programu yake itolewe bure na anayeipenda achangie kituo cha watoto cha huko. Alifariki mwaka 2023, ombi bado lipo. Nikienda nyumbani kwa njia ya Mutukula napita upande huo huo, na kila mara nawaza ni watu wangapi duniani waliolijua jina la Uganda kwa mara ya kwanza kwenye skrini nyeusi, usiku, wakihangaika na seva. Maana Vim inajulikana kwa jambo jingine pia: anayeanza akishaingia hajui pa kutokea. Kufikia mwaka 2017, swali la namna ya kutoka ndani yake lilikuwa limefunguliwa zaidi ya mara milioni moja kwenye Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandishi wa programu.

Wa Goma ndiye aliyepewa kazi ya kumweleza mpishi. "Ni duka," akasema. "Mlangoni wameandika musaidie watoto ya Uganda. Ukishaingia, mlango inajifunga."

Mpishi akashika chapati kwa ncha za vidole, akaigeuza, akauliza: "Mpaka ile pesa itoke?"

Wa Kisumu alimwaga chai, na kwa chai ile haikuwa hasara.

INTERCAL haikuhitaji hata maelezo. Don Woods na James Lyon waliitunga Princeton mwaka 1972 kwa ajili ya kuzikejeli lugha nyingine za programu. Ndani yake lazima useme "tafadhali" kwa kiasi: ukisema mara chache inakukataa kwa kukosa adabu, ukizidisha inakukataa kwa kujipendekeza. Tulidhani kitaanguka. Mpishi alitikisa kichwa kama mtu aliyeishi humo: "Anayekuja na 'ssebo nkusaba, ssebo nkusaba,' bwana nakuomba, bwana nakuomba, huyo anataka deni."

Cha njiwa bado kina mgogoro. Tarehe 1 Aprili 1990 kulitolewa waraka wa mzaha, uliopangwa kwa ufundi kamili, wa kusafirisha data za intaneti kwa miguu ya njiwa. Mwaka 2001 watu wa Bergen, Norwe, wakaujaribu kweli. Walituma ujumbe tisa, majibu yakarudi manne. Mpishi hakucheka, alipiga hesabu. "Watano waliliwa," akasema, akaendelea kukata kitunguu. Mimi nasema kimepita. Wenzangu wanasema hiyo ilikuwa taarifa.

Na usiombe kahawa. Nchi hii inauza kahawa ulimwengu mzima, lakini kibandani hapa haipo, na mpishi atakujibu "mia nne kumi na nane!" Sisi ndio tuliomfundisha: ni namba ya jibu kwenye intaneti inayotokana na mzaha wa Aprili 1998, ambayo birika la chai linatakiwa kuitoa likiamriwa kuchemsha kahawa. Mwaka 2022 namba hiyo iliwekwa akiba rasmi isipewe maana nyingine, kwa hiyo yuko ndani ya sheria.

Chakula nakipa nne na nusu kwa tano. Chai ya maziwa moja, na hiyo ni kwa heshima ya tangawizi. Mvua ikinyesha mwavuli unamfunika yeye na sigiri tu. Pesa ya simu anapokea, ila njoo na noti ndogo, chenji yake hutafutwa kwa jirani. Ukitaka mayai matatu sema kabla hajapasua, na kama hupendi kabichi mbichi mwambie aitangulize kwenye kikaango. Jumapili hafungui.