TAHADHARI: jamaa anayefunga redi doti (kile kidude cha kulengea chenye nukta nyekundu, kinakaa juu ya bastola) garajini kwake hapa Dallas

Jamani Wabongo na Wakenya wa huku, yule jamaa aliyechoma nyama kwa shemeji juzi, huyo huyo, kanipiga mchana kweupe. Kaniuzia redi doti ya bastola, eti RMR ya kampuni ya Trijicon, modeli RM06, mpya kabisa, dola 280 na kufunga bure. Dukani inapita 400, mimi nikajiona mjanja.

Mtasema mjinga lakini mngekuwepo. Kanikaribisha chai, kanibebea mtoto mabegani, na bastola yake mwenyewe ina RMR orijino nimeshaipigia mimi kwa mkono wangu, sasa ningeshuku vipi? Kavua slaidi (kile chuma cha juu) ya bastola yangu, Glock 19 MOS, ile iliyochongwa tayari kupokea redi doti, chap, kaweka pleti namba 02 ya kuikalishia, skrubu kakaza kwa kile kifunguo kidogo kwa mkono tu. Nikauliza hatupaki Loctite, ile gundi ya kuzuia skrubu zisilegee? Akasema "kaka, hiyo ya waoga." Na mimi nikacheka!! Hicho kicheko ndo kinaniuma mpaka leo.

Jumamosi renji, pale pa kulengea shabaha, niko na shemeji na mkewe. Magazini ya kwanza matundu yanahamia kushoto, nikalaumu kidole changu. Nikarekebisha, yakahama tena. Magazini ya tatu kidoti kikazima, nikapiga moja tena kama mjinga, kitu kizima kikachomoka kikanigonga kwenye paji, kikadondoka sakafuni. Msimamizi wa renji akakiokota, akakipima kiganjani, akaguna, akaniambia hii ni ya zile bunduki za kuchezea za vidonge vya plastiki. Mstari mzima umegeuka. Shemeji sasa hivi ananiita Doti.

Nampigia, ananiambia nilitumia risasi kali. 9mm ya kawaida, kichwa cha greni 115! Kisha kaniblock. Huyu asikaribishwe tena popote, asichangiwe, asishike hata koleo la nyama, na polisi naenda, mtu anafunga takataka kwenye silaha ya kujilindia, siku mwizi yuko sebuleni ingekuwaje?

Ah, na dalili: ilikuwa nyepesi mno, haina karatasi hata moja, na alitaka Zelle tu, ile ya kutumiana hela kwa simu, ambayo ukishatuma ndo basi. Halafu RMR inakazwa kwa bisibisi ya kupimia, inchi-paundi 12, sio kwa hisia za mtu.

Mwenye namba yake mpya anitumie inbox.